Kura Mbili za Nyumba Moja

Siku ya kwanza ya mkutano mkuu wa chama cha mumewe, Mwanahalima aliifunga redio kwenye mti wa mkandaa uliosimikwa katikati ya mpunga, akaiongeza sauti mpaka mwisho, kisha akarudi kukaa dunguni. Hakuwa na hamu ya kumsikiliza mtu yeyote. Alitaka kufukuza ndege.

Njia hiyo ilikuwa ya Mudathiri, mumewe. Kila mwaka mpunga ukianza kujaza punje, watu wa mabonde ya Mohoro huhamia madunguni, vibanda vidogo vilivyoinuliwa juu ya nguzo kuyakwepa maji na nguruwe, na humo huamia ndege tangu alfajiri mpaka jua linapotua. Wengine hurusha madongo kwa kombeo. Wengine huvuta kamba ndefu iliyofungwa makopo, mtu akiwa amekaa zake dunguni makopo yakalia shamba zima. Mudathiri alitumia vyote viwili, na kila mwaka wa uchaguzi aliongeza redio. Alikuwa akisema wanasiasa hupiga kelele miaka mitano bila mshahara wa jasho, basi wapewe kibarua kimoja cha maana.

Kwa mzaha huo usingedhani kwamba alikuwa mtu wa chama mpaka kwenye mifupa. Alikuwa fundi cherehani pale Mohoro, na kadi yake ya uanachama aliihifadhi ndani ya msahafu.

Kweleakwelea si wajinga. Asubuhi walipoisikia redio walitimka wote kuelekea mtoni. Kufikia saa tano walikuwa wamekwisha kuizoea, wanadonoa punje huku mtu anaahidi daraja. Walichokiogopa ni makofi tu. Ukumbi ukilipuka kwa makofi, kundi zima liliinuka juu ya mpunga kama moshi wa jivu. Mzungumzaji akiendelea, wakashuka tena taratibu, mmoja mmoja, kama watu wanaorudi kwenye viti vyao. Mwanahalima alijikuta anawaombea wazungumzaji wapigiwe makofi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote kwa chama kile.

Maana yeye alikuwa wa chama kingine.

Alikuwa na stashahada ya kilimo na miaka thelathini ya kazi ya ugani, kuanzia Ngarambe, akaja Mbwara, akamalizia Mohoro. Watu walimwita Bibi Shamba na walimwogopa kidogo, kwa sababu akikuta mbegu umeimwaga ovyo hakuwa mtu wa kusema pole pole. Aliolewa na Mudathiri, wakazaa Sabra na Huseni, na tangu vyama vingi vilipoanza hawakuwahi kupigia mtu mmoja. Chaguzi sita. Kila mara waliondoka nyumbani pamoja asubuhi, wakajipanga mstari mmoja, wakarudi pamoja, na mlangoni Mudathiri alivua viatu na kusema maneno yale yale: "Haya, Bibi Shamba, tumeshafutana. Bora tungebaki nyumbani tukala chapati."

Mwaka mmoja walikubaliana kweli wabaki. Mvua ilikuwa inanyesha, kituo kilikuwa mbali, na hesabu ilikuwa wazi: kura moja huku, moja kule, ni sawa na hakuna. Walipeana mikono. Ilipofika saa nne Mwanahalima akasema anakwenda kumtazama mgonjwa, akachukua mwavuli na kukata njia ya nyuma ya visima. Alipoingia kwenye mstari, aliyekuwa mbele yake, kanzu imeloa mpaka magotini, alikuwa mumewe, ambaye nusu saa kabla alikuwa ameaga kwamba anakwenda kununua uzi. Hawakusemezana mpaka walipofika nyumbani. Kisha walicheka mpaka Sabra, aliyekuwa msichana wa sekondari wakati huo, akatoka chumbani kuuliza nani kafa.

Sasa Mudathiri alikuwa amekufa. Aliondoka mwezi wa Desemba, kwa kifua, siku tatu tu. Mwanahalima alikaa eda miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, ndani ya chumba ambacho cherehani ilikuwa bado imebana kipande cha sare ya mtoto wa mtu. Eda ilipokwisha watoto walitaka aende Dar es Salaam, kwa Sabra, Mbagala. Aliwajibu kwamba mpunga wameshaupanda vibarua, sasa nani atauamia, wao? Siku ya tatu baada ya kutoka eda alikuwa dunguni, na mkeka, na sufuria, na redio.

Hilo lilikuwa jibu la mdomoni. Jibu lenyewe ni kwamba kule nyumbani kila kitu kilikuwa na mahali pake na kilinyamaza pale pale.

Siku hiyo ya kwanza alizungumza kijana aliyepanga maneno yake kwa vina, ukumbi ukaitikia kama ngoma. Mwanahalima akasema, kwa sauti, kwamba mtoto huyo anafaa kuuza dawa za mende. Akazungumza mzee aliyeanza hotuba yake na habari za ukombozi, akapita humo kwa nusu saa nzima bila kufika mwaka huu. Akaja mwanamama mwenye sauti nzuri ya kupoza, akasema safari hii kila kijiji kitapata afisa ugani, na kila afisa ugani atapata pikipiki yake.

"Pikipiki hiyo niliahidiwa mwaka elfu mbili na tano," Mwanahalima alisema.

Kisha akangoja. Alikuwa amekaa upande wa kushoto wa dungu, kama siku zote, na upande wa kulia mkeka ulikuwa mtupu. Alijua kabisa jibu lililotakiwa kutoka upande ule. Aliwahi kulisikia mara ngapi. Pepo wa ubishi akamshika. Akashusha sauti yake ikawa nzito, akajijibu mwenyewe:

"Ilikuja, Bibi Shamba. Ilipoona unavyotembea kwa kasi ikaona haya, ikarudi."

Kutoka dungu la jirani, hatua kama sitini hivi, Bi Tabu alipaza sauti kuuliza anagombana na nani huko. Bi Tabu alikuwa mwanamke mzee aliyefiwa na waume wawili na kumwacha mmoja, na masikio yake yalikuwa mazima kuliko miguu yake. Mwanahalima akamjibu kwamba anagombana na redio.

"Basi mdogo wangu, ikikushinda niite," Bi Tabu alisema. Baadaye kidogo akapaza tena, safari hii kwa shauri la maana. Kwa nini wasiunge kamba? Majirani wengi wa mabondeni huunga. Unafunga ncha ya kamba yako kwenye kamba ya mwenzio, na mmoja akienda mazishini au sokoni, yule aliyebaki anavuta mara moja na makopo ya mashamba mawili yanalia. Mwanahalima alishukuru, akasema kamba yake inatosha. Miaka yote shamba hili lilikuwa la watu wawili na halikuunga na mtu.

Kilichokuwa kinamla moyoni, lakini, hakikuwa redio.

Jumatatu ya wiki ile alikwenda Mohoro kununua chumvi na betri. Kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji walikuwa wamebandika daftari la wapiga kura, karatasi kwa karatasi, ili kila mtu akague jina lake na kusema kama kuna kosa. Zoezi lilikuwa la siku saba na mwisho wake Jumamosi. Waandikishaji walipopita mara ya kwanza Mwanahalima alikuwa ndani ya eda, hakuonana nao. Akavaa miwani, akatafuta herufi yake. Alijikuta yupo, jina sahihi, picha mbaya. Na juu yake, majina manne tu juu yake katika karatasi ile ile, alikuwepo Mudathiri Saadi, mwanamume, amejibana macho kwa ajili ya mwanga wa kamera, shingo kainyoosha kama mtu anayepimwa shati.

Alisimama pale mpaka mtu wa nyuma yake akakohoa.

Karani aliyekaa mezani barazani alikuwa Hashimu, kijana wa pale pale Mohoro. Alimwamkia, akampa pole ya msiba, akamweleza kwa adabu utaratibu ulivyo. Jina la marehemu haliondoki lenyewe. Ndugu analeta kadi ya marehemu ya kupigia kura, anajaza fomu, anatia saini, basi. Mama amekuja nayo hiyo kadi?

"Nimeisahau nyumbani," Mwanahalima alisema.

Kadi ilikuwa ndani ya mkoba, ndani ya leso, pamoja na yake. Zilikaa pamoja hivyo tangu uchaguzi uliopita, kwa sababu Mudathiri alikuwa mtu wa kupoteza vitu na kichinjio chake, kama alivyokiita, alimkabidhi mkewe akitunze. Mwanahalima alirudi mabondeni mwendo wa saa moja na nusu huku akijishangaa. Amesema uongo mbele ya mtoto wa kumzaa, kuhusu kikaratasi. Yeye, ambaye kwa miaka thelathini alimsimanga mumewe kwa neno moja hilo hilo kila walipokosa hoja nyingine: kwamba marehemu hawafutwi kwenye daftari, na siku ya kura makaburi yanaamka mapema kuliko watu. Mudathiri alikuwa akikasirika kweli kwa neno hilo, ndilo pekee lililomkasirisha. Alikuwa akisema, nionyeshe jina moja, Mwanahalima, moja tu. Hakuwahi kumwonyesha. Sasa analo, na kadi yake anayo mkobani.

Siku nne zilibaki, kisha tatu. Alijua kwa akili yake timamu nini cha kufanya. Alichokuwa hajui ni jinsi gani mkono utaitoa ile kadi kwenye leso.

Ijumaa, siku ya pili na ya mwisho ya mkutano, redio ilianza tena mapema. Ndege nao. Kutwa nzima walipokezana, hotuba na ndege, na Mwanahalima alivuta kamba mpaka kiganja kikapata lengelenge. Mgombea alikubali kuteuliwa, akashangiliwa muda mrefu, na kwa muda huo shamba lilikuwa salama kabisa. Alizungumza vizuri, lazima kusema ukweli. Alizungumza kama mtu anayeketi kwako. Mwanahalima alitafuta pa kumkosoa akapapata, kwenye bei ya mbolea, lakini alikosoa kwa unyonge, kama mtu anayepika chakula cha mgeni aliyeahirisha safari.

Alikuwa anafikiria ukumbi. Mudathiri alitamani kitu kimoja tu kwenye siasa. Hakutaka udiwani wala uenyekiti. Alitaka kuingia siku moja kwenye ule ukumbi wa mkutano mkuu, akae kwenye kiti na kitambulisho shingoni, aseme ndiyo pamoja na wenzake. Aligombea ujumbe mara moja. Alijishonea suti ya kitenge kwa ajili ya siku hiyo. Akashindwa, kura tisa kwa sitini na moja, na aliporudi jioni na suti yake Mwanahalima alicheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kwa sababu tisa ni idadi ya kuchekesha. Mudathiri naye akacheka. Suti ile hakuivaa tena, ikaja kukatwa vitambaa vya mito, na tangu siku hiyo mkewe alipotaka kumtania alimwita Mjumbe, na yeye aliitika.

Saa tisa alasiri, hotuba zikielekea mwisho, mwenyekiti wa kikao aliomba jambo. Aliwaomba wajumbe wasimame kwa dakika moja, kimya, kuwakumbuka wanachama wote waliotangulia mbele ya haki tangu mkutano mkuu uliopita.

Redioni vilisikika viti vikisogezwa, watu wengi sana wakiinuka kwa pamoja. Kisha ikanyamaza.

Mwanahalima alisimama. Dungu ni fupi, mtu mzima hasimami akanyooka. Makuti yakamgusa kichwa, akainamisha shingo, akakaa hivyo, kamba mkononi. Hakuwaza chochote cha chama. Aliwaza kwamba miongoni mwa hao wanaokumbukwa mmoja ni wake, na kwamba hakuna hata mmoja kati ya hao maelfu waliosimama anayemfahamu, kwa hiyo kumkumbuka hasa kumebaki kwake.

Bondeni hapakuwa na sauti. Hapo ndipo ndege waliposhuka. Hawakuja wachache wachache kama walivyozoea chini ya hotuba. Walikuja wote, kundi la mtoni na kundi la kichakani, wakatua kwenye pembe ya chini ya shamba, ile pembe iliyokomaa mapema, na masuke yakainama kwa uzito wao. Aliwaona vizuri. Mkono uliijua kazi yake, ulitaka kuvuta. Hakuvuta. Dakika haikuwa imekwisha.

Bi Tabu alikuwa anapiga kelele kule kwake. "Ndege, Mama Sabra. Ndege hao, umelala?" Dongo likapita angani na kudondoka njiani, mkono wake haukuwa na nguvu za kufika.

Kisha redio ikasema ahsanteni, tuketi, na ukumbi ukapiga makofi, na ndege wakaruka.

Alishuka ngazi, akaenda kutazama. Palikuwa pameliwa eneo la majamvi mawili, matatu. Makapi yametapakaa juu ya matope, masuke mepesi yamesimama wima, hayana cha kuyainamisha. Mtu mwingine yeyote angekuta hasara ya aina hiyo shambani kwake, Bibi Shamba angemwambia maneno ambayo asingeyasahau. Alisimama katikati ya hasara akajaribu kujitukana, akashindwa hata kwa hilo. Mwenyekiti wa kikao hakutaja jina la mtu. Angetajaje, walikuwa wengi. Lakini miaka thelathini na moja ya ada na kofia na vikao vya tawi, na kilichotoka ni dakika moja ya watu wote kwa pamoja. Mahali pekee palipobaki ambapo Mudathiri Saadi ameandikwa mwenyewe, jina lake lote na uso wake, palikuwa ukutani Mohoro.

Sabra alipiga simu kabla ya magharibi, kama kila siku. Mwanahalima akamweleza habari ya daftari, kwa kifupi, kama mtu anayetoa taarifa ya kazi. Sabra akasema kwa sauti ya chini kwamba aliache tu.

"Liache, mama. Linakusumbua nini pale? Ni jina tu."

"Jina tu ndilo linalokwenda kupiga kura," Mwanahalima alisema. "Watu hawahitaji baba yako, wanahitaji jina lake."

"Litapigia chama chake mwenyewe, basi."

"Baba yako hakuwahi kumwachia mtu kura yake. Alikwenda mwenyewe, kwenye mvua."

Sabra alianza kulia. Mwanahalima alishikilia simu, akisikiliza. Maneno ya kubembeleza hayakuwahi kumjia mdomoni kwa wakati wake. Katika nyumba ile kazi hiyo ilikuwa ya fundi cherehani. Alimwuliza kama mtoto amekula. Sabra akasema amekula. Akamwambia basi amlaze mapema, wakaagana.

Jumamosi alfajiri, alipomaliza kuswali, aliichukua ncha ya kamba yake akapita nayo kwenye tuta mpaka kwa Bi Tabu. Alimwambia anakwenda Mohoro na atarudi baada ya adhuhuri. Bi Tabu hakuuliza anafuata nini. Aliitazama kamba, akaijaribu kwa kuivuta, makopo yakalia kule kwa Mwanahalima, na akasema kwamba fundo hilo ni la msomi, litafunguka; akalifungua, akalifunga upya kwa njia yake.

Barazani pa ofisi ya kijiji hapakuwa na msongamano. Siku ya mwisho, wenye nia walikwisha kuja. Hashimu alimwamkia, akampa kiti. Mwanahalima alifungua mkoba, akafungua leso, akatenganisha kadi mbili, akaweka moja mezani.

"Ulisema uliisahau," Hashimu alisema. Hakuuliza, aliona ameropoka, akainama kutafuta fomu.

"Nilikudanganya," Mwanahalima alisema. "Lete kalamu."

Aliijaza mwenyewe, kwa mwandiko ule ule wa taarifa za robo mwaka, herufi zilizosimama wima. Jina la anayeondolewa. Sababu: amefariki. Tarehe. Jina la anayetoa taarifa. Uhusiano na marehemu. Hapo alisimama kidogo, akaandika mke. Saini. Hashimu alipitia kila mstari kwa kidole, akasema iko sawa, akaivuta kadi upande wake. Mwanahalima akauliza inakwenda wapi. Akaambiwa inarudishwa juu, kisha inaharibiwa, ndivyo taratibu zinavyosema.

"Haiwezi kubaki na mtu?"

"Hapana, mama. Nisamehe."

"Usiombe msamaha kwa kufuata utaratibu," alisema, kwa ukali kidogo. Kisha akauliza jambo jingine, ambalo njia nzima alikuwa hajui kwamba analibeba. Daftari likitoka upya, pale alipokuwa patabaki pengo?

Hashimu alifikiri. "Hapana. Majina yanapanda juu. Wa chini yake anachukua mstari wake, na wengine hivyo hivyo."

"Kwa hiyo hata pengo hakuna."

"Hakuna, mama."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei. Aliinuka, akaweka leso mkobani na kadi moja ndani yake. Hashimu naye alisimama, akasema, haraka haraka kama mwenye aibu, kwamba sare yake ya darasa la kwanza alishonewa na mzee Mudathiri, na kaptura ilikuwa kubwa, na mzee alimwambia atavaa mpaka la tatu. Alivaa mpaka la nne.

"Alikuwa anapima vibaya watoto," Mwanahalima alisema. "Siku zote aliwaona wakubwa."

Hakulia pale. Alilia baadaye, njiani, mahali ambapo njia inashuka kuingia mpungani na hakuna nyumba, akilia na kutembea kwa kasi ile ile, na alipoliona dungu alikuwa amemaliza.

Jumatano iliyofuata ulikuwa mkutano mkuu wa chama chake mwenyewe. Aliipeleka redio kwenye mti wake, akarudi, akakaa upande wa kushoto. Mpunga ulikuwa umebakiza siku kama kumi kuvunwa. Kamba ilikuwa bado imeungwa kwa fundo la Bi Tabu; hakuna aliyetaja kuifungua.

Alikuwa ameungoja mkutano huo miaka mitano. Mgombea wao alipanda jukwaani, akazungumza, na kila neno lilikuwa mahali pake. Alitaja mafuriko. Alitaja watu wa mabondeni wanaoambiwa wahame na kupewa viwanja vikavu visivyoota hata mchicha. Alitaja daftari, alisema majina ya marehemu yafutwe, na ukumbi ukasimama wote, makofi yasiyokwisha, na kweleakwelea wakapotea kabisa upeo wa macho. Ilikuwa hotuba bora kuliko zote alizowahi kusikia upande wowote. Mwaka mwingine angeshuka ngazi akacheza. Angemgeukia mtu na kumwambia haya, sema sasa, Mjumbe, sema.

Aligeuka. Mkeka ulikuwa umekauka kwa jua, na sisimizi wanapita juu yake na punje moja.

Mgombea aliendelea. Aliahidi kwamba mwaka huu wanashinda, hapana shaka. Mwanahalima, aliyemwamini kuhusu mafuriko na viwanja, alikohoa, akashusha sauti ikawa nzito.

"Huyu naye," alisema. "Shati lenyewe limemzidi mabegani. Nani kamshonea?"

Alicheka kidogo, akaacha. Alifikiria mwezi wa Oktoba. Atakwenda mapema, mstari utakuwa mrefu, atapiga kura yake kama siku zote kwa mtu wake wa siku zote, na kwa mara ya kwanza hakuna atakayeifuta. Itahesabiwa nzima. Alipiga hesabu hiyo mara mbili na haikumpa furaha.

"Moja bila, mume wangu," aliuambia mkeka. "Nimekushinda."

Kamba ikacheza mkononi mwake, makopo yakalia. Aliinua macho kutazama shamba. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Ikavutwa tena. Ilikuwa Bi Tabu, ambaye hakutaka kushindana sauti na redio, anauliza kwa mikono kutoka dungu lake kama ana chumvi. Mwanahalima alimwonyesha kwa kidole kwamba anakuja. Alishuka ngazi, akapita katikati ya mpunga, na alipofika kwenye mti aliizima redio, mgombea wake akiwa katikati ya sentensi.